Gari Lililokunywa Pombe ya Posa

Nicodemo wa Nangwa alijiita fundi, na kila alichokigusa kilikufa. Redio ya kanisa aliitengeneza ikawa bubu. Cherehani ya shemeji yake Hilda aliitengeneza, sasa kuku wanailalia. Lakini ndiye mdogo wa marehemu mume wa Hilda, na posa haiendi bila baba mdogo. Hilda akameza hasira, akapanda na mwanawe Yonas kipanya kibovu cha Nicodemo kwenda Gitting kumposea kijana mke.

Alipakata dumu la pombe ya asali aliyoipika mwenyewe. Mara ya kwanza walikwenda na soda, Mzee Baltazar, baba wa Lucia, binti anayeposwa, akawarudisha. Wazee wakishainywa pombe ya asali ndipo binti ametolewa. Leo ilikuwa nafasi ya mwisho. Ukoo mmoja wa Katesh nao ulishaanza kubisha hodi kwa Lucia.

Mlimani injini ikachemsha, mvuke ukafuka puu!

"Rejeta inavuja kidogo tu, shemeji," Nicodemo akasema, kifua mbele.

"Maji umebeba?"

Hakubeba. Mwanaume mzima, gari linavuja, hana hata chupa! Hilda akaacha dumu kwenye kiti, akaenda na Yonas kuomba maji nyumba ya jirani.

Waliporudi na ndoo, injini ilikuwa inanguruma na harufu ya asali imetanda barabarani. Dumu lilikuwa tupu.

"Asali inaziba matundu," Nicodemo akachekelea. "Nimetumia akili."

"Akili! Ungekuwa nayo ungeiuza ikiwa mpya kabisa, maana hujawahi kuitumia. Mjinga wewe!"

Machozi yalimlenga Hilda, lakini hakutaka kumpa Nicodemo raha ya kumbembeleza. Gari likajikongoja hadi uwanjani kwa Mzee Baltazar, likakohoa, likazimika, likatema povu la njano mbele ya wazee.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Pombe iko wapi?"

Nicodemo, msemaji wa ukoo, akajitia kukagua tairi. Ikabidi Hilda aseme ukweli wote.

Mzee Baltazar akalizunguka gari, akanusa, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha kicheko kikakatika.

"Mama Yonas, anayekunywa pombe ya posa ndiye anayetoa binti." Akagonga boneti kwa fimbo. "Haya, mwombeni huyu awape mke."

Akaingia ndani, akafunga mlango.