Tumbaku ya Kumpigisha Bibi Chafya

Iko asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, na hata leo nikiisimulia moyo unanienda mbio. Nilikuwa kijana, nimesimama nyuma ya nyumba ya mama yangu kule Kilangali, mbele ya tumbaku niliyoipanda kwa mikono yangu, nacheka peke yangu. Kila mche ulikuwa umezaa! Kwenye kila kwapa, pale jani linaposhikana na shina, lilikuwa limetoka chipukizi bichi. Mengine yalikuwa marefu kama kidole, mengine yamefika kiwiko, na machache yalishaanza kutoa maua yao ya rangi ya waridi. Nikajisemea, Debora ni wangu.

Debora unamjua. Ndiye yule bibi uliyemwamkia sebuleni kwangu hapa Mikumi ulipokuja kusema kwamba unamtaka mjukuu wetu Neema, naye akakujibu neno moja tu: tumbaku. Nilikuona ulivyotoka umeduwaa. Lakini hukukata tamaa, umerudi kwenu Magomeni, hii ya Kilosa, ukapanda, na jana umenitumia picha kwenye simu na maneno haya: "Babu, imestawi!" Nimeikuza ile picha kwa vidole, nikaitazama kwapa kwa kwapa, nikapiga kelele hadi jirani akauliza kuna nini. Ndiyo maana nakusimulia.

Nyumba aliyotoka Debora ina utaratibu wake. Kwao, watu wa milima ya Kilosa, kijana anayetaka binti wa ukoo ule hatumi mshenga mpaka kwanza ampelekee bibi wa binti tumbaku aliyoilima mwenyewe. Ya kununua sokoni hapana. Bibi anaisaga, anatengeneza ugoro, anauvuta puani mbele ya watu, kisha wote mnanyamaza. Akipiga chafya, mshenga anakaribishwa. Asipopiga, unashukuru kwa chai, unaaga, na binti anabaki kwao.

Wakati wangu aliyekuwa na pua ya kuamua ni Bibi Yunia, bibi yake Debora, aliyekuwa akiishi Mabwerebwere. Mwanamke mfupi, mkali, mwimbaji wa kwaya, na kikopo chake cha ugoro alikifunga kwenye pindo la kitenge hata Jumapili kanisani. Kabla yangu alikuja fundi seremala mmoja, kijana mtanashati mwenye baiskeli mpya. Bibi Yunia akavuta, akatulia, akavuta tena. Kisha akamwambia kwa upole, "Asante, baba. Hii tutaipika na karanga." Yule fundi hakuonekana tena mtaa ule.

Basi mimi nikasema yangu itakuwa kali. Lakini mimi nilikuwa mtu wa ng'ombe, mwanangu. Wazazi wangu walihamia huku kutoka kanda ya ziwa na mifugo yao, nami nilikulia nyuma ya mikia. Mfugaji akiona kitu kinaongezeka, anafurahi. Humwonyeshi ndama ukamwambia amtupe. Nilikuwa nimesikia kwamba tumbaku ikitaka kutoa ua, unaikata kichwa ili nguvu zibaki kwenye majani, na kichwa nilikata. Hakuna aliyeniambia kwamba mche uliokatwa kichwa hukasirika, ukaanza kutafuta vichwa vingine kila upande. Nilipoviona vimetoka, nilidhani ni baraka.

Debora siku hizo alikuwa akija Kilangali kufanya kibarua kwenye shamba la mbegu. Asubuhi ile jua lilipopanda akapita nyumbani, eti anaomba maji kwa mama. Mama akampa maji, akatabasamu, akaingia ndani. Nami nikampeleka nyuma ya nyumba, kifua mbele.

"Shija," akasema, "hii ni nini?"

"Imezaa! Huoni?"

"Imezaa? Kwani wewe unafuga tumbaku?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akachuma jani moja, akalisugua kati ya vidole, na kicheko kikaisha. Lilikuwa jepesi, limepauka, halinati hata kidogo. Nikaona macho yake yamejaa machozi.

"Bibi hatapiga chafya kwa hii," akasema. "Na mimi siwezi kumwambia ajifanye. Ukishindwa mara moja, huruhusiwi kurudi. Umenielewa? Huruhusiwi."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Kosa si ndilo hili unaloliangalia unacheka! Shina ni moja, mizizi ni ile ile. Haya yote yananyonya. Wewe mtu wa ng'ombe, ng'ombe wako mmoja ungemwachia ndama wangapi?"

Hapo akawa amesema lugha yangu. Nikaielewa tumbaku yote kwa sentensi moja.

Lakini kuelewa ni jambo moja na pupa ni jambo jingine. Kesho yake sikungoja hata umande ukauke. Niliingia shambani na kuanza kuyang'oa machipukizi yale makubwa kwa nguvu, nikiyavuta kuelekea chini, na kila moja lilipotoka lilibandua ganda la shina na kuondoka na jani zuri. Umande na utomvu vikanilowesha mikono hadi mabegani. Kidogo kichwa kikaanza kuzunguka, jasho la baridi, nikainama pale pale nikatapika. Sikujua kwamba tumbaku mbichi yenye maji hupenya kwenye ngozi. Mama akanikuta nimekaa chini, kijani usoni, akanipa maji na kuniosha mikono.

"Mwanamke gani huyu," akasema, "anayekutapisha kabla hujamwoa?"

Debora alipopita tena, shamba lilikuwa magofu. Mashina yamechunika, majani yaliyobaki yananing'inia. Mimi nikamwambia basi, yamekwisha, akatafute mwenye baiskeli. Mwanangu, hasira aliyokuwa nayo! Alinyakua panga ukutani nikadhani ananijia mimi. Akaanza kuyakata mashina, karibu kabisa na ardhi, moja baada ya jingine, huku akisema na mimi bila kunitazama.

"Yatachipua kutoka chini. Kila shina uache chipukizi moja. Moja tu, lile nene lililo chini kabisa. Mengine yote uyaondoe yangali madogo."

"Na kama nitachagua lisilofaa?"

"Utalitunza hilo hilo mpaka lifae."

Mvua zilikuwa zimekwisha. Nilibeba maji kutoka mtoni kwa debe, nikamwagilia mashina ambayo yalionekana yamekufa. Yakachipua! Mwanangu, yalichipua kwa fujo, kila moja limezungukwa na vichwa vya kijani vinavyosukumana, na mimi nikakaa chini nikashindwa kuondoa hata kimoja. Vyote vilikuwa vizuri. Ningeweza kukaa pale mpaka leo. Mwisho nikafumba macho, nikamfikiria yule bibi mfupi na kikopo chake, nikafumbua na kuanza kuchagua.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kwapa. Umande ukikauka naingia, napita jani kwa jani, na kila kichwa kinachochungulia nakivunja kwa kidole gumba, kuelekea pembeni, kinalia ti! na kutoka safi. Usidhani kinaisha. Nyuma ya kila chipukizi kuna jingine linasubiri pale pale, na nyuma ya hilo kuna jingine. Siku chache ukilala, yameshakupita. Mikono ikawa myeusi kwa ulimbo, hautoki mpaka usugue kwa majivu na limau. Baba akanitania mbele ya wageni: "Mwanangu ameacha kuchunga ng'ombe, sasa anachunga majani." Wakacheka, nami nikacheka nao, maana nilikuwa nimeshaanza kuona. Majani yalinenepa. Yakawa mazito, meusi kwa ukijani, yananata ukiyagusa tu, na harufu yake ikaanza kuingia mpaka jikoni. Nilikuwa nikiamka nakimbia kwenda kuyatazama.

Tuliyaanika kivulini, tukayatundika juu ya meko ya mama, nikayasokota kamba moja nene. Nikavaa shati la baba.

Kwa Bibi Yunia nyumba ilijaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia "Marahaba" bila kuniangalia, macho yako kwenye ile kamba. Akakata kipande, akakipasha juu ya kigae, akakisaga kwa jiwe pamoja na magadi, polepole, kana kwamba hakuna mtu aliyekuwa anakufa pale. Akavuta tundu la kulia. Kimya. Akavuta la kushoto. Kimya. Akatazama dari. Debora alikuwa jikoni, na nilisikia kwamba hata sufuria zimetulia. Nikaanza kutafuta maneno ya kushukuru kwa chai.

Kisha bibi akafumba macho, midomo ikacheza, na chafya ikatoka! Kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika. Ikatoka nyingine, kitenge kikadondoka, na nyingine tena, na kabla hajamaliza, kigelegele kikapasuka jikoni, na sauti niliijua.

Bibi Yunia akajifuta machozi. "Mbona huyu anapiga vigelegele mimi sijapata pumzi?" Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Mlete mshenga wako, baba. Aje na leso."

Nilifurahi mpaka nikasahau kuaga. Nilikimbia nusu ya njia ya kurudi Kilangali, na shati la baba likachanika kwapani.

Sasa wewe. Nimeyaona ya kwako kwenye picha, bado ni ya urefu wa kidole, hujachelewa. Kesho ngoja umande ukauke, funika mikono, uyavunje kuelekea pembeni, usiyavute chini. Kagua kila kwapa hadi majani ya chini kabisa, na urudi tena baada ya siku chache, na tena, mpaka siku ya kuvuna. Wapo wanaodondoshea mafuta ya kupikia pale palipokatwa kichwa ili yateremke kwenye shina na kuyachoma machipukizi. Yanasaidia, lakini usiyaachie shamba ukaenda kulala. Na ugoro wenyewe usiuguse, huo ni wa bibi, na daktari ameshamgombeza mpaka amechoka.

Na nikuambie na la pili, kwa kuwa nakupenda. Unatengeneza simu, unaendesha bodaboda, unafuga kuku, na juzi umeniambia habari za kwenda Dar. Yote ni mazuri, najua, nilikaa chini mbele ya mazuri nikashindwa kuchagua. Chagua moja, lililo karibu na mizizi yako, ulilishe hilo. Mengine yavunje yangali madogo, maana yakikua yanaondoka na ngozi.

Mungu akupe mkono wa kurudi shambani kila siku bila kuchoka, akupe nyumba yenye kicheko, na Debora apige chafya mpaka miwani ianguke. Na usimwambie kwamba nimekufundisha. Leo asubuhi nimemkuta uani anaosha lile jiwe la kusagia ugoro la Bibi Yunia, anaimba.