Fundi wa Laptop Niliyemshuku

Nimepigiwa simu kutoka Lalago kwamba yule mama fundi wa kompyuta wa pale karibu na soko la Bariadi amefariki, na wamemzika juzi kwao. Wasomaji wangu wa mjini watamkumbuka: mrefu, mpole wa sauti, mwenye kibanda cha fotokopi mbele na meza ya ufundi nyuma. Aliyenipigia alidhani tulikuwa marafiki. Nilimshukuru, lakini sikumwambia kwamba mimi ni mmoja wa waliomharibia kazi.

Laptop yangu ilikuwa imeanza kuniletea ujumbe kwenye kioo kila nikiiwasha: mashine hii ni ya zamani mno, haiwezi kupokea toleo jipya la mfumo wake wa uendeshaji, na karibuni haitalindwa tena. Ndani yake nilikuwa na sauti za wakulima wa pamba nilizorekodi miaka minne, kuanzia Maswa mpaka Bukundi. Nikampelekea yule mama.

“Mwangaluka, mayu,” nikamsalimia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama.

“Mwangaluka, baba. Tuione.” Akaigeuza, akaiwasha, akasikiliza feni yake. “Hii ni nzima kabisa. Waliokuandikia hawaitaki tu. Tutaweka mfumo mwingine, ni mwepesi, tena wa bure.”

“Bure? Nani anatengeneza kitu cha bure?”

“Watu tu. Wako nchi mbalimbali, wanasaidiana.”

Jibu hilo lilinitia shaka zaidi. Miaka yangu yote ya kuandika habari sijakutana na bure isiyo na mwenyewe. Nikavuta kiti, nikakaa ubavuni pake. Alipoanza kunakili mafaili yangu kwenye diski yake, nikamuuliza kwa nini yaingie kwake. “Kwa sababu tukishafuta humu, hakuna kurudi,” alisema. Nilikubali kwa mdomo. Mchana aliitwa nje, akaichomoa diski na kuitia kwenye mkoba kabla ya kutoka. Kuanzia hapo sikuona kazi yake tena, niliona mkoba.

Jioni alizirudisha sauti zangu kwenye laptop, akanikabidhi. Nilifika nyumbani nikakuta mfumo mpya unakwenda vizuri, ila wifi haishiki. Nikajiambia, ndiyo hiyo sasa. Rafiki yangu mmoja, mtumishi wa ofisi fulani kule Lagangabilili, alikuwa akijiandaa kumpelekea yule mama kompyuta zao zote kwa kazi ya namna ileile. Nikampigia. “Huyo mama anabaki na mafaili ya watu,” nikasema. Sikusema nadhani. Nilisema anabaki.

Siku ya nne nikarudi kwake nimejaa maneno. Hakunipa nafasi ya kuyatoa. Aliunganisha simu yake na laptop kwa waya, akapakua programu ndogo ya kuifanya kadi ya wifi itambulike, na kabla sijamaliza kufuta jasho intaneti ikaja. Kisha akatoa diski, akanionyesha folda yenye jina langu. “Sauti zako zote umezisikiliza? Ziko sawa?” Nikasema ziko sawa. “Basi naifuta ukiona. Nilikuwa nasubiri uridhike kwanza.”

Akafuta. Halafu, akiwa bado ameinamia meza, akasema, “Watu wa Lagangabilili wameahirisha, baba. Wanasema wamesikia mambo kunihusu. Sijui nani kawaambia nini.”

Nilikuwa na dakika nzima ya kusema ni mimi. Nikamuuliza habari za kwao. Jioni ile nikampigia rafiki yangu kumsahihisha, akanijibu kwamba kompyuta zimeshapewa fundi mwingine. Yule mama aliendelea kunisalimia kila nipitapo, nami niliendelea kuitikia.

Sijaacha kushuku, maana kazi yangu inanidai nishuku, na nchi yetu ina wajanja wa kutosha. Lakini najiuliza kwa nini ule ujumbe wa kwenye kioo, ulionitaka niitupe mashine nzima, niliuamini siku ileile bila swali, na mwanamke aliyejibu kila swali langu nikakataa kumwamini. Labda kwa sababu yeye alikuwa karibu, nami nilimjua kwa sura. Shaka tunawaonea watu wa jirani. Na ukiwa nayo, mpelekee kwanza huyo unayemshuku, kabla ya mtu mwingine yeyote, wakati bado anaweza kukujibu.