Maombi Ishirini kwa Mwezi

Katika mji wetu wa Bundawirra kuna milango tisa ambayo mtu anaweza kuigonga akaomba kazi. Kuna bucha, baa, duka la mikate, gereji, shule, halmashauri, maghala ya ngano, hospitali, na posta, ambayo ni mwanamke mmoja na meza yake. Serikali inamtaka asiye na kazi aombe mara ishirini kila mwezi, la sivyo posho yake inakatwa. Kwa hiyo Desley Hargreave aliizunguka milango yote tisa, akarudi akaizunguka tena, kisha akatafuta miwili ya nyongeza huko mbali. Alifanya hivyo miaka minne.

Mimi nilisimamisha karavani yangu, nyumba ya kukokotwa na gari, hapa nikikusudia kupumzika wiki moja, na sasa ni mwaka wa kumi na moja. Nimezunguka sana nchi hii nikichuma matunda na kufagia mabanda ya kukatia manyoya ya kondoo, na sikuwahi kuona mtu anayeomba kazi kwa utaratibu kama Desley. Mwanzoni alivaa blauzi nzuri. Merv Zeller, mwenye bucha, alimwona akiingia na karatasi yake akamwambia, "Haya bibie, leo nikunyime kazi gani?"

"Ninyime ya kukata nyama."

"Hiyo nilikunyima mwezi uliopita."

"Basi ninyime ya kufagia. Na unipe soseji sita, hizo nalipia."

Merv alikuwa akisaini kwamba Desley ameomba na amekataliwa, wanacheka, anaondoka. Baadaye mambo yakahamia kwenye simu. Desley anabonyeza huku, Merv anabonyeza "hapana" kule, na hata kile kicheko hakikuhitajika tena.

Na kisu huyu mama anakijua. Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha nyama kilichokuwa nje ya mji, akitenganisha nyama na mifupa. Kiwanda kilipofungwa, mbunge wetu alikuja na kofia yake pana, akasimama juu ya gari, akasema soko litaleta mambo mengine. Watu walipiga makofi kidogo. Chama chake, hicho cha wahafidhina, kimekishika kiti hiki tangu kabla Desley hajazaliwa. Baba wa Desley alikichagua chama hicho, na yeye akakichagua, jinsi mtu anavyorithi ng'ombe pamoja na chapa yao. Hakuna aliyewahi kumlazimisha. Aliponiambia hivyo hakuonyesha hasira wala aibu. Alikuwa akipaka siagi kwenye mkate. Redioni waziri alikuwa akisema kwamba anayetaka kazi ataipata, tatizo ni watu kuzoea kukaa. Desley aliendelea kupaka siagi mpaka pembeni kabisa.

Jambo moja tu ndilo lililokuwa likimfanya atazame saa. Mama yake, Bibi Edna, yuko katika chumba cha wazee pale hospitalini. Ana miaka themanini na sita, na tangu apate kiharusi hali chakula ila kwa mkono wa Desley. Muuguzi ni mmoja kwa wazee kumi na wanne. Akikataliwa mara mbili anaweka sahani mezani na kwenda kwa mwingine. Desley alikuwa hapo kila siku saa sita mchana. Kulisha kulichukua saa nzima, wakati mwingine zaidi.

Mwezi wa tatu alipigiwa simu na Kayleen, wa ofisi ya kutafutia watu kazi iliyoko mji mkubwa, kilomita tisini kutoka hapa. Mimi nilikuwa jikoni kwake nikitengeneza bomba la sinki, na simu aliiweka mezani, sauti ikasikika yote.

"Desley, mpenzi, hujambo? Nina habari. Ukifika mwezi wa sita hujapata kazi, unaingia kwenye mafunzo. Huku mjini, siku tano kwa wiki. Basi linapita kwenu saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

"Linarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Mama yangu nani atamlisha mchana?"

Zikasikika kucha za Kayleen zikigonga vibonye. "Hapa hakuna sehemu ya kuandika hilo."

"Liandike popote."

"Nikiliandika popote linafutika lenyewe. Nimejaribu kwa watu wengine. Si mimi, dada yangu, ni mfumo. Wewe tafuta kazi. Hata ya saa chache hapo hapo kwenu, naifunga faili yako leo leo."

"Sawa," alisema Desley. Akaniuliza kama bomba limepona. Nikasema limepona.

Basi akaendelea kubonyeza. Maombi ishirini ya mwezi wa tatu, ishirini ya mwezi wa nne. Merv hakuwepo siku hizo. Bega lake la kulia lilikuwa limechakaa kwa kubeba nyama, akapelekwa hospitali kubwa ya Brisbane kupasuliwa, na bucha ikafungwa wiki tatu. Sisi tukawa tunakula kuku wa kugandishwa.

Alirudi mkono ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa, siku mbili kabla ya uchaguzi. Hapa kura si hiari, asiyepiga anatozwa faini, kwa hiyo Jumamosi ile mji mzima ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Mbele ya mlango, kama kawaida, wazazi walikuwa wameweka jiko la kuchomea soseji ili kuchangia vitabu vya watoto. Soseji ni za Merv, na mchomaji ni Merv. Mara hii alikuwa amesimama tu akitoa amri kwa mkono wa kushoto, na anayegeuza soseji alikuwa mwanamume mwembamba ambaye hatukumjua.

"Vitunguu zaidi, Darryl, huyu mama ni mteja wangu," alisema Merv. Kisha kwa Desley, "Umependeza. Unakwenda kuwapa tena wale wale?"

"Nyamaza wewe. Huyu ni nani?"

"Darryl Fitch. Msaidizi wangu, anaanza Jumatatu. Ile ofisi ya kazi imeniletea kutoka mji mkubwa. Bega hili halitabeba tena, daktari kasema."

Desley alishika mkate wake na soseji ndani yake. "Ulikuwa unatafuta msaidizi?"

"Nilitangaza wiki tatu nzima. Serikali inanisaidia mshahara wake, lakini lazima nipitie kwao, kwenye simu. Nimefanya yote nikiwa kitandani." Kisha akapunguza sauti. "Jina lako lilikuja, Desley. Lilikuja kama linavyokuja kila mwezi, na maneno yako yale yale, naomba kazi yoyote. Nikabonyeza kama ninavyobonyeza."

"Na mimi nilibonyeza kama ninavyobonyeza," alisema Desley. "Sikusoma."

"Nilidhani ungekuwa unaitaka kweli ungeandika kitu kingine. Hapana, naongopa. Sikudhani kitu. Kidole kilikwenda chenyewe."

Foleni ilikuwa nyuma yetu, mtu mmoja akapaza sauti, "Merv, unahutubia au unauza?" Watu wakacheka. Merv hakugeuka.

"Namrudisha," alisema. "Sasa hivi. Hajaanza bado."

Darryl alikuwa ameyasikia yote, maana jiko lilikuwa hatua mbili tu. Aligeuza soseji moja iliyokwisha geuzwa. Desley akamuuliza, "Una watoto?"

"Watatu, mama."

"Umekaa bila kazi muda gani?"

"Miezi kumi. Nilikuwa kwenye hayo mafunzo yao."

"Yakoje?"

Darryl alifikiri. "Viti ni vizuri," alisema.

Desley akamtazama Merv. "Mwache aanze." Akauma soseji, akatafuna, akameza, akaingia ndani ya ukumbi kupiga kura. Mimi nilimfuata. Vile vibanda vya kupigia kura, vya karatasi ngumu, viko karibu karibu, na mtu ukitaka kusikia unasikia. Hapa mpiga kura anawapanga wagombea wote kwa namba, na penseli yake ilikwenda taratibu, ikasimama, ikaenda tena. Nje aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba kwa mara ya kwanza maishani amempa mbunge namba ya mwisho, chini hata ya yule bwana anayetaka bunduki ziruhusiwe kila nyumba.

"Umejisikiaje?" nikamuuliza.

"Sikusikia kitu. Nilifikiri nitasikia."

Mbunge alishinda kwa kura zile zile za siku zote, pungufu kidogo. Serikali nayo ikarudi madarakani. Jumatatu asubuhi hakuna aliyelizungumzia hilo kwenye duka la mikate, watu walizungumza juu ya mvua.

Mwezi wa sita ukafika, Desley akapanda basi. Huko wanakaa watu kumi na wanane katika chumba chenye joto la mashine, na mama mmoja mpole anawafundisha kuandika barua ya kuomba kazi. Wiki ya pili walijifunza kupeana mikono. Desley, aliyekuwa akiinua paja zima la ng'ombe kwa mkono mmoja, aliambiwa aukaze mkono zaidi. Akaukaza.

Siku ya kwanza Bibi Edna hakula. Ya pili, hivyo hivyo. Siku ya tatu, saa sita kasoro, Merv alimwachia Darryl bucha, akavua aproni, akavuka barabara kwenda hospitalini. Hakumwambia mtu. Alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado ulikuwa umefungwa, na nusu ya viazi ilimwagikia kifuani mwa bibi. Bibi alimwita mwizi. Kesho yake akaenda tena.

Jioni hiyo nilikuwa kituoni basi liliposimama, na Merv alikuwa hapo kabla yangu.

"Amekula?" aliuliza Desley, aliyekwisha ambiwa na muuguzi, hata hajashuka vizuri.

"Vijiko sita."

"Jana vinne."

"Jana vinne, ndiyo. Na leo kaniita mwizi mara moja tu."

Desley hakusema asante, wala Merv hakuonekana kuingoja. Jumapili walikwenda pamoja. Desley alimkalisha Merv kwenye kiti karibu na kitanda, akamtia kijiko mkononi, akakiinamisha kidogo.

"Usimtazame mdomo, atakaza meno. Mtazame machoni."

"Macho kafumba."

"Hivyo hivyo. Ngoja."

Merv akangoja, mkono umenyooka. Desley alisimama nyuma yake na koti lake likiwa bado mwilini. Viazi vilikuwa vimepoa. Bibi Edna alifungua jicho moja, akamtazama mwanamume yule kwa muda mrefu, na mdomo wake ulikuwa bado umefungwa.