Nilivyotengeneza sumaku ya kumpiga picha mama mkwe bila kumwangalia

Wakuu, hamjambo nyote, na wale wa kunibishia hamjambo zaidi.

Mimi ni mzee wa Homa Bay, haya mambo ya simu nimefundishwa na mjukuu. Juzi mmoja wenu ameandika hapa ati watu wetu hawajawahi kubuni kitu. Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Kaa chini nikuambie, na chumvi siongezi.

Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa fundi wa picha kwa studio moja hapa mjini. Mama mkwe wangu, kwao karibu na Sindo, akawa mgonjwa. Shingo ilikuwa imefura, na ikapangwa apelekwe Kisumu kupasuliwa.

Akamwambia mke wangu Akeyo, "Mama yangu alienda bila picha, na leo uso wake siukumbuki. Mimi sitaki kuenda hivyo."

Mpiga picha wa karibu ni mimi. Na mimi ndiye sikuruhusiwa!

Kwa wasiojua: kwetu Wajaluo, maro, yaani mama mkwe, humkodolei macho. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Nilikuwa nimeoa miaka mingi na sura yake siijui vizuri. Sasa utaingizaje kichwa kwa kile kitambaa cheusi cha kamera umtazame?

Kaka yake Akeyo, shemeji Ouma, akasema, "Hiyo haiwezekani, achana nayo."

Yawa! Mtu akiniambia haiwezekani, hapo amenichokoza.

Nikaamua kamera ibaki ndani naye, mimi nikae nje nyuma ya ukuta. Shida ni nani atabonyeza shutter, kile kifyatuo cha kupiga picha. Ile waya yake ya kubonyeza ilikuwa fupi kama mkono.

Wakati huo mgodi wa Macalder ulikuwa unafungwa, na waya nyembamba ya shaba, ile ya kupakwa vanishi, ilipatikana kwa watu wa vyuma kuukuu. Nikaizungusha kwa kigurudumu cha uzi wa cherehani, mizunguko mpaka vidole vikauma. Kwa tundu la katikati nikaingiza msumari. Ukiunganisha betri ya lori, hiyo koili, yaani waya uliozungushwa, inageuka sumaku, inameza msumari, na msumari unavuta kile kimkono cha shutter.

Mara ya kwanza msumari ukanasa ndani, haurudi. Chuma chenyewe kilikuwa kimeshageuka sumaku. Nikauchoma kwa makaa mpaka ukawa mwekundu, nikauacha upoe polepole kwa jivu. Ukatii.

Ouma akapita. "Fundi, siku hizi unapika misumari?"

Nikamwambia, "Ngoja iive, nitakupakulia."

Siku ikafika. Nikalenga kamera Akeyo akiwa kwa kiti, nikatoka nje na swichi. Mama akaingia, akakaa. Akeyo akasimama mlangoni, akaniangalia mimi, akaita, "Haya!"

Tak!

Nikarudi studio nikaosha picha. Wakuu, nikapata mgongo. Mgongo na kilemba, basi.

Mama alikuwa amegeuka Akeyo alipompa kisogo. Kuulizwa, akasema, "Hicho kioo ni jicho la mkwe wangu. Nitalitazamaje?"

Na alikuwa sawa! Nilikuwa nimeficha mwili, jicho nikaliacha ndani.

Ouma alicheka akashika mbavu. "Si nilikuambia?" Safari ya Kisumu ilikuwa imekaribia. Mlitaka nikubali kushindwa? Thubutu!

Nikaunganisha waya mpaka kwa kiti chake. Nikamtuma Akeyo: "Mwambie mama leo kamera ni yake, na swichi ni yake. Mimi naenda ziwani, hata nje sitakaa." Na nikaenda kweli.

Akeyo alinihadithia baadaye. Mama alishika swichi, akauliza, "Kwa hivyo ni mimi naamua?" Akafungua leso aliyofunika shingo, ule uvimbe ukaonekana wote, akabonyeza.

Sikuiosha haraka. Nilisema akirudi ndiyo tutampa mkononi.

Hakurudi. Ouma mwenyewe ndiye alikuja studio, hana kicheko. "Shemeji, ile picha iko?" Ilikuwa inahitajika matangani.

Nikajifungia chumba cha giza. Uso ukatokea kwa maji pole pole, macho yakinitazama moja kwa moja, hana aibu, hana woga. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona mama aliyenizalia mke. Sikugeuza uso. Nililia nikimtazama.

Nilichojifunza ni hiki: bila ile mila singewahi kuzungusha koili hata moja. Anayesema hatujabuni kitu ajitokeze hapa chini. Na wewe unayetaka kuniambia nilimkosea heshima mama mkwe kwa kumtazama, lete maneno, nimekaa. Lakini jibu hili kwanza: yule mama, akibonyeza ile swichi, unafikiri hakujua ni nani ataosha picha?