Anakula Kwangu

Siku yangu ya kwanza kazini Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, sikumsalimia mtu kwa sauti. Wiki ileile nilikuwa nimetoka kituo cha kulelea watoto, maana nilishatimiza miaka kumi na minane. Bosi tulimwita Mama Vichanja, kwa kuwa vile vichanja, yaani meza za nyavu za kuanikia dagaa, vilikuwa vyake.

"Wewe ni bubu?" akaniuliza.

"Hapana. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, tandaza. Usirundike, wataoza."

Nawaandikia ninyi mlio bado kituoni. Kazi yetu ilikuwa hivi: dagaa wakishuka botini asubuhi tunawatandaza, jua likipanda tunawageuza. Wingu likitokea upande wa Kongo kila mtu anaanua, wake na wa jirani, bila kuulizana. Vumbi la dagaa wakavu linaingia kifuani, nami nina pumu.

Kituoni tulitibiwa kwa bima ya watoto. Niliitunza kadi yangu nikidhani ni ya maisha. Siku nilipobanwa na kifua, mhudumu wa zahanati aliitazama, akasema kwa upole, "Mdogo wangu, hii mwisho wake ni miaka kumi na minane." Dawa ya kuvuta sikuweza kuinunua. Nikarudi kutandaza, kifua kinapiga filimbi.

Mama Vichanja akasikia. "Bima huna?"

"Imekwisha."

"Na umenyamaza! Unangoja nikuzike hapa mchangani?"

Akanipeleka ofisi ya mtaa, Katubuka, kwa mwandikishaji wa bima. Yule kaka alitueleza vizuri. Mwenye ajira ya mkataba huchangiwa na mwajiri wake. Anayesoma chuo huandikishwa chuoni. Wengine huingia kwa kaya. Mimi sikuwa na mkataba wala chuo.

"Kaya yako ipi?"

Nikataja kituo. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nilitamani kutoka.

"Nyamazeni!" Mama akawageukia. "Huyu analala chumba changu cha nyuma. Ugali wangu anaula, tena kwa tonge kubwa."

"Ni mwanao?" mwandikishaji akauliza.

"Nimekwambia anakula kwangu."

Yule kaka akatabasamu. "Kaya ni wanaoishi na kula pamoja. Inatosha."

Baadaye nilipata dawa. Kwa hiyo, wadogo zangu, msingoje kadi iishe. Kabla hamjatoka, mmuulize mlezi mtaingia bima kwa njia ipi, na mjue mtakula kwa nani. Mimi sikuuliza kwa sababu ya aibu, na aibu ilikaribia kunimaliza.

Sasa Mama Vichanja amestaafu. Ana sukari, miguu inavimba, na vichanja ameniachia. Majuzi tulikwenda kulipia bima upya. Mwandikishaji akauliza mkuu wa kaya ni nani. Mama akanigusa kwa kiwiko.

"Ni mimi," nikasema, na foleni nzima ikasikia.

"Na huyu mama ni nani wako?"

"Anakula kwangu."