Ukurasa wa Jumanne

Mume wangu Dulichand alipiga pasi kwenye kona ya mtaa wetu kwa miaka ishirini na sita, na mitatu kati ya hiyo alikuwa mpelelezi wa serikali. Nasema mpelelezi ili nicheke kidogo. Mtu mwenyewe hakujua kusoma, paka alikuwa akimkimbiza, na siri pekee aliyowahi kunificha ni mahali anapoweka tumbaku. Lakini meza yake ilitazamana na mlango wa jirani yetu, Dada Mehrunnisa, na hilo ndilo walilolitaka.

Aliyetuingiza ni bwana mmoja mpole aliyekuja na skuta kuleta mashati. Wakati huo manispaa ilikuwa inaondoa meza zote za barabarani. Akasema yetu itabaki, mradi tumchunguze Naushad, mwana wa Mehrunnisa, kwa sababu binamu yake alikuwa amekimbilia kwa watu wenye silaha. Hatukubisha. Dulichand alitazama mchana, jioni akanisimulia nikikanda unga wa chapati, nami nikanawa mikono nikaandika, maana mimi ndiye niliyefika darasa la nane. Karatasi iliingia kwenye mfuko wa shati lililonyooshwa, na shati likaondoka na skuta.

Naushad alikuwa kijana wa kuchosha. Alikaa mlangoni kwao akisuka upya nyaya za mota za feni, akanywa chai, akabishana na mama yake kuhusu kuoa. Kujaza ukurasa ilikuwa kazi.

Kisha bomu likalipuka kwenye stesheni ya mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi kutoka kwetu, Jumanne saa kumi jioni. Watu kumi na mmoja walikufa. Kesho yake asubuhi yule bwana alifika hata chai hatujanywa, akauliza jana Naushad alikuwa wapi. Dulichand akamwambia: mlangoni kwao kutwa nzima, na feni tatu, hakutoka mpaka giza lilipoingia. Ukurasa nilikuwa nimeshauandika. Yule bwana akamtaka Dulichand aweke dole gumba chini yake, akauchukua.

Naushad alikamatwa mwaka mmoja na miezi miwili baadaye. Polisi walimuuliza Jumanne ile alikuwa wapi, naye akajibu kwamba labda nyumbani. Nani anaikumbuka Jumanne moja ya kusuka nyaya? Hiyo "labda" ndiyo iliyomponza. Mama yake aliapa kwamba hakutoka, lakini mama gani asiyeapa? Majirani wengine walisema hawakumbuki, na nadhani walisema kweli. Tuliokumbuka tulikuwa wawili.

Dulichand alimfuata yule bwana, akaambiwa asiwe na wasiwasi, karatasi yetu itawekwa kwenye bahasha, jaji ataiona. Na bahasha tuliiona kweli kortini, ya khaki, imepigwa lakiri. Wakili wa serikali alimkabidhi jaji mkononi. Wakili wa Naushad aliomba japo ukurasa mmoja, akaambiwa ni usalama wa taifa. Jaji akaenda kuisoma peke yake chumbani kwake, akarudi na uso uleule, kesi ikaendelea.

Yule bwana alipokuja tena kuchukua mashati, Dulichand hakumpa.

"Jaji ameisoma, mbona hajamwachia?"

"Mzee, mimi natuma tu. Walichotia mle ndani sikijui."

"Basi nitakwenda kusema mwenyewe."

"Useme nini? Kwamba ulikuwa unamchunguza nani, kwa niaba ya nani?" Sauti yake haikuwa ya vitisho. "Nilikuwa na mtu kule kaskazini, fundi baiskeli. Jina lake lilitajwa kortini mara moja tu. Siku ya tatu tukamtoa kisimani. Mkewe mpaka leo ananiuliza nani alilitaja."

Dulichand akampa mashati yake.

Tangu hapo mume wangu aliingiwa na kitu. Kila jioni, bila kuombwa na mtu, alikuja jikoni akaniambia, "Leo Naushad hakuonekana." Nilimwomba aache. Niliogopa sauti yake, na zaidi niliogopa kwamba mkono wangu ulikuwa unatafuta kalamu.

Mwaka wa nne tangu bomu lile alijitolea kuwa shahidi, kama mpiga pasi tu, si zaidi. Tulikubaliana hivyo, kwa ajili ya binti yetu. Akasimama kizimbani amevaa shati jeupe, akasema Jumanne ile Naushad hakutoka.

Wakili wa serikali alitabasamu. Akamuuliza juzi alikula nini. Dulichand hakukumbuka.

"Cha juzi hukikumbuki, ila Jumanne moja ya miaka minne iliyopita unaikumbuka. Kwa nini?"

Bahasha ilikuwa mezani kwa jaji. Dulichand aliitazama, kisha akamtazama jaji, kama mtu anayemwomba mwenzake amalizie sentensi. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Ningeweza kusimama. Miguu ninayo, sauti ninayo, mwandiko ni wangu.

"Nakumbuka tu," akasema.

Watu wakacheka. Naushad akafungwa maisha.

Wiki moja baada ya hukumu Mehrunnisa alivuka barabara na bakuli la halua ya semolina, ya moto, na samli juu yake. Alikuwa hajala vizuri tangu siku ile. Akamshika Dulichand kichwani kama anavyobarikiwa kaka.

"Majirani wote walikataa," akasema. "Wewe peke yako ulikubali kudanganya kwa ajili ya mwanangu. Sitakusahau, kaka."

Dulichand alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Mehrunnisa akaketi kwenye kigoda kutusubiri tule. Tukala, mpaka bakuli likaisha.