Kumpa Mjomba Mgongo Chini ya Kikapu

Kosa langu la kwanza chini ya kikapu, mwanangu, lilikuwa adabu. Nakuita mwanangu ingawa ndevu zangu bado zinahesabika. Hapa mtaani Munuki nimekuwa mkubwa kwa vile tu nilitangulia kukosea.

Nakumbuka asubuhi za miaka ile ya kwanza ya amani, tuliporudi kutoka Kenya tukaikuta Juba ikijijenga ndani ya vumbi. Niliamka mapema nikaenda peke yangu kwenye uwanja wetu wa saruji wa mpira wa kikapu. Kwa mbali Jebel Kujur ulikuwa unaelea juu ya ukungu, kama mlima uliosahau kukanyaga chini. Sikuwa na mtu wa kunifundisha kazi ya senta, yule mrefu anayecheza karibu na kikapu. Nilikuwa nimetazama video chache kwenye duka la intaneti, nikazikariri hatua zake kama nyimbo za kanisani: danganya kwa bega, geuka, inua mkono mmoja, rusha juu ya kichwa cha adui ambaye hayupo. Hatua moja ikienda kombo, naanza upya. Wakati mwingine nilihisi kama mimi nimesimama tu, na uwanja ndio unaozunguka polepole chini ya viatu vyangu. Nikiwa peke yangu, mwanangu, hapakuwa na senta kama mimi duniani.

Jioni timu ilipokuja, yote yaliyeyuka. Aliyekuwa akinilinda mazoezini, yaani kunizuia nisifunge, ni Majok, mdogo wa mama, senta wetu wa siku zote, mtu wa magoti mabovu na mdomo mzima. Sasa fikiria kazi yenyewe. Ili upokee mpira karibu na kikapu, lazima umpe mlinzi mgongo, ukae chini kidogo, umfungie nyuma yako kwa kiuno na makalio. Kwetu mtoto hamwelekezi mjomba makalio, sembuse kumsukuma nayo. Basi nilikuwa nasogea nje kidogo kidogo, hadi nikaupokea mpira mbali kabisa, nikimtazama mjomba usoni kama mtu aliyekuja kuomba ruhusa. Narusha kutoka hukohuko. Mpira unagonga chuma.

"Wewe ni senta ama askari wa benki?" alinipigia kelele Kocha Wanjala, Mkenya aliyekuwa akifundisha hesabu shuleni na kutufundisha sisi jioni. "Mbona unasimama tu mlangoni? Ingia ndani!"

Wenzangu waliangua kicheko. Tangu hapo wakawa wananipigia saluti nikipita.

Wiki ya mechi yetu na vijana wa mtaa wa Jebel, kocha akatangaza kwamba siku ya mwisho ya mazoezi atachagua senta mmoja: mimi au mjomba. Usiku nilijigeuza kitandani nikipanga hatua. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, na wakati huohuo niliogopa kuipata. Nani angemwambia mama kwamba nimemtoa mdogo wake uwanjani?

Siku ikafika. Mpira wa kwanza nikaupokea mbali, nikakosa. Wa pili vilevile. Mjomba akasimamisha mchezo, mikono kiunoni, akihema.

"We kijana, unaniogopa?"

"Hapana, ya khal," nikamjibu, maana kwa Kiarabu cha Juba ndivyo tunavyomwita mjomba. "Nakuheshimu."

"Uongo! Unanihurumia. Umeona haya magoti, unanihurumia mbele za watu. Hiyo ndiyo matusi. Nipe mgongo nijue kama uko na nguvu!"

Heshima si utumwa, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimeisikia methali hiyo bila kuielewa. Nikapanua miguu. Nikaketi hewani kama mtu aliye juu ya kigoda, nikarudi nyuma taratibu mpaka nikamgusa.

Hapo kelele zote zikaenda mbali. Nilisikia pumzi yake shingoni, na uzito wake wote ukiwa juu ya bega langu la kulia. Hili hakuna video iliyonionyesha: mlinzi mwenyewe ndiye anayekuambia pa kwenda. Amelalia kulia, basi kushoto ni wazi. Mpira ukaja. Nikaushika kwa mikono miwili chini ya kidevu, sikuudunda. Nikapeleka mguu wa kushoto nyuma, nje ya mguu wake, nikageuka, nikaugongesha kwenye ubao. Ukaingia kama vile ulikuwa unaijua njia.

Mjomba akaanguka kwa makalio.

Nikaacha kila kitu nikamkimbilia. "Malesh, ya khal! Samahani, samahani sana—"

"Samahani ya nini? Rudi ulinde!" akanguruma kutoka chini. Nyuma yangu wenzake walikuwa wameshatia mpira kikapuni upande wa pili.

Uwanja mzima ulicheka, yeye zaidi ya wote. "Kocha, mpe huyu," akasema. "Mimi nitakaa kwa benchi nipumzishe magoti." Alicheka, lakini alipoinuka alikitazama kikapu kwa muda mfupi, kama mtu anayeiaga nyumba. Kisha akanishika kichwa, akakitikisa.

Basi nisikilize, mwanangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na urefu wako hautakusaidia ukisimama wima. Pigania mahali kabla ya mpira kuja. Ukiupokea mbali, umeshindwa kabla ya kuanza. Usiamue utakachofanya ukiwa bado nyumbani kitandani. Msikilize mlinzi kwa mgongo wako, umwache akuonyeshe upande alioufungua. Mpira ukae juu, maana ukiudunda katikati ya watu, wafupi wamekuibia. Fanya mazoezi peke yako, ndiyo, lakini mtafute pia mtu mzito wa kukuegemea, kwa sababu hewa haimfundishi mtu kusukumwa. Na anayekulinda akikuzidi umri, mpe nguvu zako zote. Hiyo ndiyo heshima anayoitaka.

Mungu akutulize miguu, akupanulie kifua, na akupe mtu wa damu yako atakayekubali kuangushwa nawe.

Mimi tangu siku ile napokea mpira karibu na kikapu. Bado nakosa mipira mingi, ila nalala usingizi.